Jozi Arobaini

Babu aliuza kwa kilo, baba akanunua kwa gramu.
Hiyo ndiyo historia ya nyumba yetu hapa Drežnica,
chini ya mlima Krn.
Mengine ni kutu.

Enzi za babu mlima ulikuwa duka lisilo na mlango:
shaba ya maganda ya mizinga, risasi, seng'enge.
Ulipanda alfajiri na gunia tupu,
ukashuka magharibi na unga.
Yeye alilipa vidole viwili vya mkono wa kushoto
na hakurudishiwa chenji.

Baba alikua akiutazama mkono ule
ukikata mkate.
Alianza na kifungo kimoja.
Kifungo kikaita mkanda, mkanda ukaita kofia ya chuma,
kofia ikaita rafu, rafu ikaita chumba changu.
Nililala na kikosi kizima hadi nilipoolewa.

Mama aliweka sheria moja tu:
kisichooshwa kwa sabuni kisivuke jikoni.
Basi baba akaosha. Mabakuli, chupa za maji,
meno ya bandia ya afisa asiyejulikana,
akayaanika dirishani, yakatuchekea wiki nzima.

Karatasi hakuziosha.
Alizikuta Gorica, gulioni, Jumapili ya mvua,
zimekunjwa chini ya mguu wa meza
ili meza isiyumbe.
Muuzaji alimpa bure, akamwuzia meza.

Zilikuwa za Kihungari,
na baba hakujua Kihungari hata cha kuomba maji.
Alizikodolea macho miezi minne,
kisha akamwandikia mjane mmoja wa Lendava, Ilonka,
aliyekuja kwa basi na miwani jozi mbili
na keki iliyolowa pembeni.

Akasoma kama mtu anayesoma bei dukani.
Chumvi. Mishumaa. Nyumbu mmoja, kilema.
*Tunaomba buti, jozi arobaini,
hizi zimeozea miguuni.* Tarehe kumi na nne.

Karatasi ya pili: theluji imeporomoka usiku.
Majina. Alisoma yote, hakuruka hata moja,
na mimi nilihesabu kwa vidole chini ya meza,
mikono yangu ikajaa mara nne.
Tarehe kumi na saba.

Ya tatu, mwandiko uleule, ulionyooka kama uzi wa mwashi:
*Buti zimepokelewa. Jozi arobaini. Hali njema.*
Tarehe ishirini na moja.

Baba alinyamaza.
Mama ndiye aliyeuliza, kutoka mlangoni,
yeye ambaye hakuwahi kuuliza kitu cha chumba kile:
"Sasa buti zilikwenda wapi?"
Ilonka akageuza karatasi, akatazama mgongo wake.
"Haikuandikwa."

Tangu siku hiyo baba aliacha kofia.
Alipanda Krn na goti lake bovu
akashuka na soli, na misumari, na tundu la kamba.
Miaka kumi na minane.
Alikusanya kumi na moja, nyingi za kushoto,
na hakuna iliyomjua mwenzake.

Leo amekuja bwana wa makumbusho, glavu nyeupe,
anahesabu, ananiambia niandike.
*Kofia za chuma, ishirini na sita.
Mabakuli, tisa. Meno, seti moja.*
Naona mwandiko wangu unavyonyooka.

Kwenye droo ya chini, chini ya risiti za umeme,
nimekuta picha ya arusi ya babu.
Bibi anatazama pembeni, kama kuna mtu amemwita.
Koti la babu ni la kuazima, mabega yanaanguka.
Lakini chini, enhe, chini
buti mpya, ndefu, zinang'aa,
zimeuzidi mguu wake kwa vidole viwili.

Nyuma ya picha, kwa penseli ya baba,
alama ya kuuliza. Imefutwa. Imeandikwa tena.

"Kuna kingine?" anauliza bwana wa glavu.

Nafunga droo kwa goti.