Viumbe Kumi

Mwalimu wa darasa la tatu kataka viumbe kumi
waishio karibu na nyumbani,
waandikwe kwa penseli, waletwe Jumatatu.
Twalibu ameandika "paka", kisha "paka mwingine",
kisha akanitazama kama mtu anayetaka kukopa.

"Vaa ndara," nikamwambia. "Twende."

Mwembe Tayari akataka kuandika mwembe.
Uko wapi? nikamuuliza.
"Kwenye jina, shangazi."
Nikamwachia. Iko mitaa inayoishi hivyo,
kwa kula urithi wa mti.

Kwa Nyevu tulikunywa mabungo
katika kikombe cha plastiki kilichomeguka ukingoni:
rangi ya kiini cha yai, ukali unaokunja shavu moja
na kuliacha jingine likicheka.
Mbungo haujapata kuuona mji, alisema Nyevu,
hupanda migongoni mwa miti mingine huko Ribe,
"nami hupanda mgongoni mwa pikipiki nikayaleta matunda yake."
Twalibu akaandika, ulimi nje,
na tone la manjano likaangukia neno.

Makupa, mashine ya muwa inaguna,
ndimu, kipande cha tangawizi, muwa tena,
na nyuki wamejaa kwenye beseni kama wenye hisa.
Msellem hapigani nao.
Huwawekea maganda kando, mbali na mkono wake,
kama unavyomtengea mgeni sahani
ili asichungulie chungu.
"Nyuki," akaandika. Akafuta. "Nyuki wa Makupa,"
kwani wa kwingine hawajui.

Mkwaju wa nyuma ya zahanati tuliukuta na wagonjwa wake:
kivuli bure, glasi ya ukwaju shilingi ishirini,
na kunguru juu akidai chenji.
Namba sita, namba saba.

Kisha tukashuka Tudor, maji yamekupwa.
Tope lanuka yai na betri kuukuu.
Kaa, kila mmoja na gando lake moja kubwa,
wanapunga, wanapunga,
kama wateja wanaomwita mhudumu asiyetaka kuwaona.
Twalibu akawapungia. Wote wakaingia mashimoni.

Nikachuma jani la mchu. "Lamba."
"Hili?"
"Lamba kwanza, uulize baadaye."
Akalamba, akaruka kama aliyekanyaga kaa:
"Lina chumvi! Nani kalitia?"

Nikamweleza nijuavyo, mimi nisiye mwalimu:
mti huu hunywa bahari kwa kuwa hauna kingine,
hunywa tu, na chumvi inayopenya
huitolea jani, punje kwa punje,
bila mfereji, bila bili.

Nasi mfereji wetu una wiki ya tatu haukohoi.
Chengo hutusukumia mitungi kwa mkokoteni
kutoka kisima cha msikiti,
na chai ya mamangu, hata aitie iliki mkono mzima,
huja na chumvi yake nyuma ya ulimi.
Mgeni wa bara hunywa funda moja,
akaitazama, akatutazama.
Sisi hatuionji. Mimi nilipokaa Nakuru
chai ya huko ilinipwaya mdomoni
mpaka nikaiba chumvi mezani.

Jua lilikuwa utosini.
Twalibu alikuwa amenyamaza, na kunyamaza si desturi yake.
Akauinua mkono wake, akaulamba
kutoka kifundo hadi kiwiko, taratibu,
kama mtu anayesoma.
Kisha akafungua daftari, akalifunika kwa bega
nisione.

Jumatatu limerudi: nane kwa kumi.
Mwalimu hataki paka mwingine.
Tisa, mchu, tiki.
Kumi, kwa herufi za kuegemea upande: "Mimi. Nanywa kisima,"
na mbele yake alama ya kuuliza, ndogo,
kama ndoano isiyo na chambo.
Na Mwembe Tayari
mwembe umekatwa mara ya pili,
sasa kwa wino mwekundu.

Nikammiminia chai.