Nguzo ya Kumi na Mbili

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Kabla jua halijakausha umande, naizunguka mipaka
ya mahindi ya Mwakirunge, buti za mpira miguuni,
bendera nyeupe kwapani, penseli sikioni.
"Waya hauonekani," alinifunza Rubani Mghanga.
"Ukiutazama kutoka chini, umeyeyuka mbinguni;
ukiutazama kutoka juu, umejificha majanini.
Usiutafute waya. Tafuta nguzo,
uone vikombe vyake vimeelekea wapi.
Huko ndiko uendako,
hata macho yako yakikataa."

Nikahesabu. Kumi na moja.
Nikazichora kwenye karatasi ya unga:
saba za barabara ya jaa,
tatu za kisima cha ushirika,
na ile iliyoinama, iliyofungwa kwa uzi wa chuma
mwembamba kama kisingizio.
Nikampa mtu wa pikipiki aipeleke uwanjani.

Viwavijeshi walikuwa wameshafika kwenye moyo wa mmea.
Usiku uliwasikia wakitafuna,
mvua ndogo isiyolowesha kitu.

Ndege ikaja, ya manjano, chini,
chini mno hata nikaona kiraka tumboni mwake.
Mstari wa kwanza. Nikasogeza bendera hatua ishirini.
Wa pili. Dawa ikanikata koo.
Wa tatu,

twaa!
kama uzi wa cherehani unaokatwa kwa meno,
ila meno ya mbingu nzima.
Bawa la kushoto likainamia mahindi, likayaonja,
likainuka.
Ikaenda zake na waya unaburuta nyuma,
mbuzi aliyekata kamba.

Na kwetu, friji ikanyamaza.

Ndipo nikajua.
Alhamisi fundi Kithi alisimika nguzo nyuma ya choo chetu.
Tulipiga vigelegele. Mdogo wangu akawasha, akazima,
akawasha, akazima, mpaka akachapwa.
Siku tatu mama aliuza barafu za ukwaju.
Asubuhi ile niliiegemea nguzo hiyo hiyo
nikivaa buti,
wala sikuihesabu.
Hatari ni za watu.
Ile ilikuwa stima yetu.

Jioni Mghanga alikuja kwa bodaboda,
mkono umening'inizwa kwa leso ya mtu.
Mama alikuwa bado anafukuza kuku
wasiikaribie ncha ya waya.
Akamkaribisha gizani, akamletea barafu:
"Kula, baba, zinayeyuka."
Akala mbili. Hakuuliza kwa nini.
Akatoa karatasi yangu mfukoni,
akaikunjua gotini kwa mkono mmoja,
akaninyooshea penseli.

Nikachora kwa mwanga wa simu:
choo, nguzo, vikombe viwili.
Kisha waya. Vidole vilitetemeka,
nikaurudia, nikaurudia,
mpaka ukawa mnene kuliko nyumba.