Niigizie Inavyolia

Mteja akifika hapa Ndosho, kabla sijashika spana
namwambia: niigizie inavyolia.
Hapo ndipo utamjua mtu.
Karani wa shule alikoroma kama nguruwe, kisha akaona haya.
Padri alisema "ngo", mara moja tu, akanyamaza,
na kweli ilikuwa ngo: bushi imekwisha.
Mama Nzigire, muuza jibini za Masisi,
aliweka kidole shavuni, akafumba macho,
akatoa kitu chembamba, kriii, kriii, kriii,
mpaka kuku wa jirani wakainua vichwa.

Ikikimbia? Inazidi.
Ukikanyaga breki? Inakata, halafu inarudi.
Ukikata kona?
Sijui, fundi. Kwenye kona huwa nasali.

Tukapanda. Noa yake ina usukani wa kulia, kama ilivyotoka Japani,
na sisi huku twapita mkono wa kulia,
kwa hiyo yeye husikia mtaro, mimi nasikia dunia.
Zima redio, nikamwambia. Funga kioo. Fungua kioo.
Usiongee, hata kama ni kuhusu bei.
Gia ya pili, taratibu, kuelekea Katindo.

Barabara ya Goma ni mwongo mzoefu.
Lami ikiisha, mawe ya volkano husema yote kwa pamoja.
Chukudu ikatupita na magunia ya makaa,
magurudumu yake ya mti yakilia kuliko ugonjwa wowote,
wala hakuna anayeuliza.

Ikivuma kama nyuki ndani ya debe, ni rulma;
waliosomea Kampala huita beringi, kifo ni kile kile.
Ikigonga ta-ta-ta kwenye kona kali, kardani.
Ikipiga yowe breki ikiguswa, plaketi zimebaki chuma kwa chuma.
Hii haikuwa mojawapo.

Sikio langu la kulia lilibaki Sake.
Si hadithi ya leo.
La kushoto limejifunza kazi ya mawili,
nikainama mpaka shavu likagusa mlango.
Kriii.
Nyuma. Kushoto. Chini ya jibini.

Kriki, jiwe la kuzuia tairi la mbele, nati tano.
Nikazungusha diski kwa mkono, ikakiri yenyewe.
Kati yake na bamba la vumbi,
kipande cha lava, kidogo kuliko punje ya mahindi,
cheusi, chenye vitundu, upande mmoja laini kwa kusagwa.
Kilitoka mlimani mwaka gani, siwezi kujua.
Labda kilizika jiko la mtu,
labda hakikumgusa mtu yeyote,
kililala tu njiani, kikangoja gurudumu.

Mama Nzigire alikiweka kiganjani.
Wiki nzima hakulala, gari ameshaliuza kichwani,
ada za watoto ameshazipunguza kichwani.
Ni hiki?
Ni hiki.
Na bei?
Hapo nikakwama. Jiwe halina bei,
na kulitoa ni bisibisi na dakika mbili.
Ningemtoza miaka?
Akanipa dola tano, akaongeza jibini moja zima,
gurudumu pekee leo, alisema, lisilolia.

Tukarudi kwa njia ile ile kujaribu.
Kimya.
Akawasha redio. Akaanza kuongea,
yote aliyoyameza tangu asubuhi:
bei ya maziwa, matope ya Masisi, mkwe wake asiyepiga simu,
na alikuwa anacheka, sijawahi kumwona akicheka.

Kwenye kona ya kushoto, uzito ulipolalia kulia,
chini ya kicheko, chini ya redio, chini ya kimya kile kipya,
kitu kikavuma. Kidogo mno.
Sikio likashuku, nyayo zangu sakafuni zikathibitisha:
mbele, kulia, nyuki mmoja ndani ya debe.
Kriii ilikuwa imemficha.
Miezi mitatu, labda minne, kabla ya gurudumu kukataa.

Nikamwacha amalize habari ya mkwe.
Kisha nikasema:
Mama, zima redio tena.