Mbichi Ni za Nani

Alhamisi mvua ya mawe ilipiga Nguba
kama lori linalomwaga changarawe.
Dakika kumi tu. Mabati yalilia, kisha yakanyamaza,
na mpome wa Mzee Rwabika, ule uliopandwa na padri
asiyekumbukwa jina, ukabaki na majani nusu
na mapome yote chini, kwenye matope, upande wetu wa ua.

Madogo. Kama mayai ya tembe.
Kijani hadi ndani, mbegu bado nyeupe.
Rwabika alisimama kizingitini, mikono nyuma,
akayatazama kama deni lisilolipika.
"Hayafai," akasema. "Wape nguruwe wa Bashizi."
Mstahimilivu hula mbivu, waliotangulia walituachia hilo.
Hawakutuambia mbichi ni za nani.

Mimi niliinama.

Mugisho wangu alikuwa nyumbani, saa nne asubuhi,
kafukuzwa kwa ajili ya minervali, daftari kwapani.
Sikumuuliza. Nilimpa beseni.
Tuliokota kimya, yeye akihesabu kwa Kifaransa
ili somo la siku lisimpite lote.
Mia mbili na kumi na saba, pamoja na yaliyopasuka.

Sasa nisikilize, maana hili sikulisoma popote,
nilionyeshwa na shangazi Cibalonza, aliyewapikia masista
miaka ishirini na mmoja bila kuonja mbele yao:
usimenye. Nguvu ya pome bichi iko kwenye ganda na kokwa,
ute wake ndio unaoishika konfitiri.
Kata penye jeraha, tupa jeraha tu.
Maji yafunike mgongo wa tunda, yasizidi.
Imbabula iwe na makaa yaliyokwisha kupiga kelele.
Yakilegea, mimina yote kwenye kitambaa juu ya sufuria,
uache maji yadondoke yenyewe usiku kucha.
Usikamue! Ukikamua yanaingia ukungu
kama ziwa wakati wa kiangazi,
na Cibalonza atakusikia huko aliko.

Kitambaa changu ni kile cha ubatizo wa Mugisho.
Sikuwa na kingine cheupe.

Mengine niliyapika na sambaza,
vipande vyembamba, kitunguu, pilipili ya Kabare,
mahali pa ndimu, maana ndimu wiki hiyo
zilikuwa zinauzwa kama dhahabu.
Mume wangu alionja, akafumba jicho moja,
akaongeza bugali. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Ijumaa: kikombe cha maji yale kwa kikombe cha sukari,
na marakuja matatu kwa harufu.
Marakuja peke yake haigandi, hukimbia kijiko
kama mdaiwa aonapo mdai. Pome bichi liliishika mkono.
Nikadondosha tone kwenye sahani baridi, nikalisukuma kwa kidole.
Likakunja uso,
sawasawa na baba yake anaposoma barua ya shule.
"Imeiva," nikasema,
na neno lenyewe likanisimamisha, mwiko mkononi,
kwa sababu kilichokuwa sufuriani
hakikuwahi kuiva hata siku moja.

Chupa saba. Nne za mayonezi, mbili za siki,
moja ya dawa ya kikohozi, iliyochemshwa mara mbili.
Tano zilishuka Nyawera kichwani mwangu
zikarudi minervali ya mwezi mmoja. Si miwili. Mmoja.
Ya sita nilimpelekea Rwabika. Akaiinua kwenye mwanga,
rangi ya chai kavu, akaigeuza, akaigeuza tena,
akauliza nimeinunua wapi.
Nikamwambia: kwa nguruwe wa Bashizi.

Ile ya kikohozi ni yetu.
Kijiko kimoja kimoja, Jumapili, baada ya misa,
na chini ya utamu wote huo
bado kuna kitu kinachokwaruza ulimi,
na Mugisho, huyo, ndicho anachokifuata.