Behewa la Viazi

Walipofungwa zizi moja mafahali wawili wa reli
tuliambiwa zizi ni pana.
Rangi mpya ikapakwa juu ya zile mbili;
chini yake kutu ikila, haina pupa.

Nilikuwa mgonga magurudumu, karakana ya Altoona:
nyundo, sikio, nyundo.
Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa.
Mwaka ule yalikohoa mengi.
Niliandika; karatasi ikapanda ghorofani,
haikushuka.

Januari likapotea behewa la viazi.
Behewa zima! Tani arobaini!
Makarani wa huku: liko kule.
Wa kule: liko huko kwenu.
Aprili tulilipata kwa pua,
nyuma ya bohari ya makaa,
viazi vimechipua hadi nje ya upenyo wa mlango,
vidole vyeupe vikipapasa hewa.

Na gawio la wenye hisa lilitoka hata hivyo.

Juni, Jumapili jioni, redio ikatamka: imefilisika.
Verna alikuwa akimenya viazi vya chakula cha usiku.
Hakuniuliza kitu.
Aliendelea kumenya, polepole,
na maganda yakaanza kutoka membamba,
membamba kiasi cha kupitisha mwanga.