Inapodunda

Ilikuwa mali ya shamba la mkonge, Ngomeni.
Landrova mia na tisa, rangi ya majani makavu,
mlangoni yamebaki maneno mawili: MALI YA.
Ya nani, mvua imefuta.
Niliipata kwenye mnada pamoja na jeki mbovu
na kiota cha panya chini ya kiti cha dereva.

Kwenye lami haina neno.
Muheza mpaka Tanga inakwenda kama bibi harusi,
taratibu, inajua inatazamwa.
Tatizo ni kupanda. Tatizo ni Kwemkole baada ya masika,
nyuma kutupu, naifuata iliki juu,
udongo mwekundu umelainika usoni, chini mgumu:
nakanyaga mafuta, na nyuma inaanza.

Du. Du. Du-du-du-du.

Si kuteleza. Kuteleza nakujua, kuna adabu yake.
Hili ni gurudumu kuuma ardhi, kuachia, kuuma tena,
kama ndama anayevutwa kwenye chuchu.
Dashibodi inatema skrubu zake.
Singano, utingo wangu, alishuka siku ya tatu akasema
atapanda kwa miguu, tutakutana juu Mungu akipenda.

Ngamiani waliniambia tairi. Nikanunua tairi.
Wengine wakaniambia shokapu. Nikanunua shokapu,
mbili, kwa pesa ya ada ya Mwantumu.
Mmoja akasema gari lina mwenyewe, nichinje kuku.
Nikachinja. Tukamla. Gari likadunda.

Kisha Makorora, chini ya turubai lililotobolewa na cheche,
Mwanjaa Shekalaghe, ovaroli imekunjwa mara mbili miguuni.
Hakufungua boneti.
Alichukua chaki, akapiga mstari mmoja
kutoka kwenye ekseli mpaka kwenye springi,
akapanda mbele, akafunga mlango.
"Twende huko huko inakodundia."

Kwemkole akalala mtaroni, shavu kwenye tope.
"Kanyaga!" Nikakanyaga. "Tena!"
Aliinuka nusu ya uso nyekundu, anacheka.
"Ekseli yako inasokotwa," na mikono yake miwili
ikakamua nguo isiyokuwepo.
"Injini inasukuma, springi inajikunja,
ikichoka inaachia, tairi linaruka,
linatua, linauma, inajikunja upya.
Wewe unailaumu barabara.
Barabara haina habari na wewe."

Nati za yuboti zilizunguka kwa vidole.
Bushi zimelika, zimebaki maganda.
Na jani la pili la springi limekatika kwa ndani,
pale jicho lisipofika,
kutu kwenye mkato imekomaa, ya miaka.
Miaka yote hiyo naongeza mafuta.

Akatafuta chuma cha korona iliyokufa,
kutoka Ngomeni kule kule ilikotoka gari,
akakichomelea kutoka ekseli hadi kwenye chesesi,
mwisho wake akakiwekea bushi na pingu inayocheza.
"Kiache kipumue. Ukikibana sana
kitavunja kingine."
Akafuta mikono kwa dizeli.
"Na huo mguu wako wa kulia, huo hauna spea.
Ikianza, punguza. Vuta mpini mwekundu ukiwa bado chini,
si katikati ya mlima, watu wanakutazama."

Sasa tunapanda. Singano hashuki tena,
ila pale kwenye kona ya jiwe, nyuma ikiwa tupu,
bado inapiga mbili: du, du.
Anashika mpini wa mlango, ananitazama mguuni.
Naachia.
Inanyamaza, inajikokota, kama mtu aliyekuwa na la kusema
akaghairi.

Mwanjaa namdaiwa elfu ishirini.
Nikipita Makorora napiga honi, nachungulia.
Hasemi kitu. Anaweka spana chini,
anainua mikono miwili,
anakamua.