Kidole cha Kuazima

Wafubwa aliingia ofisini kwangu, Webuye,
ramani ya shamba kaikunja ndani ya gazeti,
nyuma yake binti, Nasipwondi, viatu mkononi kwa matope.
"Nataka kugawa," akasema, "ila mkono uwe wangu.
Karani wa kwanza alinigawia kwa mkono wake
nikapoteza mgomba mmoja na nusu ya choo."

Nikamsogezea laptopu.
Nikamwonyesha kipapasio, kile kibamba cheusi
kilichong'aa katikati kwa jasho la wateja.
Kidole kimoja hutembeza kishale tu,
kama mtu anayezunguka soko bila pesa.
Viwili hubiringisha ukurasa.
Vitatu hushika, hubeba.
Usibonyeze, hakipimi nguvu za mtu.
Kinahesabu miguso, kinanusa umeme mdogo wa ngozi,
kinatafuta kitovu kati ya vidole,
na kitovu kikisogea mstari unafuata,
ndama nyuma ya ndoo ya chumvi.

Akaweka mkono.
Shamba zima likapaa, likatokomea juu ya kioo.
Akarudia. Likashuka mpaka kwa jirani, Wetosi.
Ndipo nikautazama mkono:
kidole cha kati kilibaki kwenye mashine ya miwa
mwaka ambao hakuutaja.
Laptopu ilihesabu viwili. Ilihesabu sawa.

Ningeweza kubadili mpangilio,
kuna kisanduku fulani cha kutia tiki,
nami nilikuwa bado nakitafuta
Nasipwondi alipofuta kidole chake kwenye sketi
akakitia pale penye pengo.

Kipapasio hakiulizi kidole ni cha nani.
Mpaka ukang'oka,
mpaka ambao huko nje una masale ya babu yake
na kesi mbili kwa chifu,
ukateleza kuelekea kisimani.
Hatua zao hazikulingana. Baba alivuta
kama anayekokota fahali, binti akisitasita,
na kibamba kikawaishia kabla ya shamba.

"Inueni," nikasema. "Rudini mwanzo. Itawangoja."
"Itangoja nini?"
"Ukiinua haiachii papo hapo.
Inashikilia kidogo, nusu pumzi.
Ukirudi, unaendelea. Usiporudi, imeshatua."
Akauinua mkono, akaukagua kama si wake.
"Kumbe inampa mtu nafasi ya kujuta."

Walirudi mara tatu.
Kila mara kidole cha binti kilitangulia kushuka.
Ekari moja na robo, jina lake likiwa juu,
na hakuna aliyelisoma kwa sauti.

Kisha wakainua. Nusu pumzi ikapita.
Mstari ulikuwa umepinda kidogo pale kwenye mgomba
nami nikanyoosha mkono niurekebishe.
"Uache," akasema Wafubwa.
"Hapo ndipo alipoteleza."